Mpemba wa "athari ya Mpemba" ni Mpemba wa wapi? Na mbona friza yangu imenikatalia?

BiMaalim_Wete aliuliza:

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Mie nasomesha fizikia kidato cha tatu, skuli moja hapa wilaya ya Wete. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye somo la joto, kanuni ya Newton ya kupoa: tofauti ya joto baina ya kitu na mazingira yake ikiwa kubwa, kitu kinapoa mbio, tofauti ikipungua, na mwendo wa kupoa unapungua. Nimechora mstari wangu ubaoni unateremka vizuri, mambo shwari, mpaka kijana mmoja wa Kojani akanyoosha mkono.

"Maalim, si yuko mtu wa kwetu alovumbua kuwa maji ya moto huganda mbele ya maji baridi?"

Nikamuuliza kwetu wapi.

"Pemba, maalim. Jina lake lenyewe Mpemba."

Darasa likaripuka. Mmoja kasema atakuwa wa Micheweni, maana watu wa huko ndio wabishi. Mwengine akaapa kwamba babu yake alimjua, alikuwa akiuza barafu Chake. Mpaka kengele inalia yule bwana keshapewa baba, mama, na shamba la mikarafuu miti arubaini. Nami nilichokuwa nikikijua ni jina tu, nililiona kitabuni zamani nikiwa chuo, mistari mitatu pembeni ya ukurasa. Nikawaahidi jibu Jumatatu.

Usiku nikafanya jaribio nyumbani. Vikombe viwili vya plastiki vya aina moja, kimoja maji ya mtungi, kimoja maji yalochemka kwenye birika, ujazo sawa. Nikavitia kwenye friza saa mbili za usiku, kila robo saa nafungua kuchungulia. Mume wangu akauliza friza leo ina mgonjwa ndani? Ilipofika saa nne kasorobo, cha maji ya mtungi kishafanya ngozi ya barafu juu. Cha maji ya moto, maji matupu.

Jumatatu nikawaambia ukweli, kwamba friza yangu imekataa. Yule kijana wa Kojani akaniangalia kama nilomtobolea mtumbwi wa baba yake. Kisha akasema, "Labda friza yako si ya Pemba, maalim."

Sasa nauliza wenye kujua: huyu mtu ni nani, na alifanya nini hasa? Na mie nimekosea wapi, au hakuna nilipokosea?

Mtanga_Darajani alijibu:

Waaleikum salaam Bi Maalim. Wapemba hujuana kwa vilemba, na huyu kilemba chake si cha kwenu, uniwie radhi. Ni Erasto Bartholomeo Mpemba, kazaliwa 1950 Tanganyika, Mpemba ni jina tu. Mie ni mtu wa Tanga, nauza vitambaa hapa Darajani, na sisi tunamdai kwa haki zaidi yenu, kwa sababu kisa chenyewe kilianzia Magamba, kule Lushoto, juu milimani ambako asubuhi kutoa mguu kwenye blanketi ni jihadi.

Ilikuwa 1963. Yuko kidato cha tatu kama hao wanafunzi wako. Wavulana wa pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndiyo unaingiza kwenye friji. Ya moto hairuhusiwi, utaua friji ya watu. Nafasi chache, wavulana wengi, kwa hivyo kila siku ni mbio. Siku hiyo mwenzake mmoja akaona kuchemsha ni kupoteza wakati, akakoroga maziwa mabichi na sukari, akawahi kuweka. Mpemba yake ndiyo kwanza yametoka motoni. Akiyangojea yapoe, nafasi imekwenda. Akayatia vivyo hivyo yanafuka moshi, liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kutazama: ya Mpemba yameshaganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Akakubali, angefanya nini, mtoto wa skuli. Ila baadaye akakutana na rafiki yake anayetengeneza aiskrimu na kuuza Tanga mjini, na huyo akamwambia yeye siku zote hutia ya moto ipate kuganda upesi, na wauzaji wenziwe pia. Yaani pale mjini kwetu jambo lilikuwa linajulikana sokoni kabla halijafika chuo kikuu chochote. Hapo ndipo ninapovimba kichwa.

Akaenda Mkwawa, Iringa, masomo ya juu. Somo la kwanza kumkuna likawa hilo hilo lako, Newton na kupoa. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akajaribu kumjibu, wakabishana, mwisho akamkata: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tokea siku ile akikosea hesabu darasani wenziwe wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Kwa hivyo hilo jina la "ya Mpemba" lilianza kama kejeli, halikuanza kama heshima. Waambie na hilo.

Halafu jengine, kwa yule kijana wa Kojani. Umeme wa Pemba tokea 2010 unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kwa hivyo kasema kweli, friza yako si ya Pemba. Ni ya kwetu.

MamaBarafu_Mkoani alijibu:

Bi Maalim mwanangu, mie fizikia sikuisoma lakini barafu nauza mwaka wa kumi na tano huu. Za ubuyu, za ukwaju, za maziwa na iliki, za vifuko vya shilingi mia. Mwezi wa Ramadhani friza yangu hailali.

Hayo ya kutia ya moto nayajua, na sijafundishwa na Mtanga. Ubuyu lazima uuchemshe na sukari na rangi, na jioni watoto wako mlangoni, huwezi kungoja upoe. Mara nyengine natia ukiwa bado unachoma mkono. Na ni kweli ziko siku zinanishangaza, zile za moto zinawahi. Lakini sikiliza nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Friza yangu ya zamani, inafanya theluji chini, nene kama godoro. Sufuria la moto ukiliweka juu ya theluji ile linajichimbia. Linayeyusha, linazama, likishazama limekumbatiwa na baridi chini na ubavuni. Sufuria la maji baridi linakaa juu tu kama mgeni. Sasa lipi litaganda mbele? Lile lilojichimbia.

Siku nikishakwangua theluji, friza safi, basi sioni ajabu yoyote. Baridi inaganda mbele, moto inafuata, kama alivyoumba Mungu.

Na tahadhari: ya moto inayeyusha barafu za jirani yake. Nishapoteza vifuko sitini vya ukwaju kwa tamaa hiyo.

Fundi_Mstaafu_Chake alijibu:

Bi Maalim, huyo mama wa Mkoani kaeleza kitu ambacho watu wenye shahada wamekiandikia makala. Nilikuwa fundi wa maabara skuli za sekondari hapa kisiwani mpaka nilipostaafu, na kisa hiki nakipenda sana kwa sababu ndani yake yumo fundi wa maabara. Nitafika kwake.

Mtanga kaishia Mkwawa. Kilichofuata ni hiki. Mpemba alijaribu mwenyewe kwanza. Siku moja alikuta maabara ya bayolojia iko wazi, akachukua bika mbili, vile vikombe vya maabara, za sentimita za ujazo 50, moja akatia maji ya bomba, moja maji ya moto, akaziweka kwenye friji ya pale. Akaona dalili ya kile alichokiona Magamba. Halafu akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia, Muingereza, ambaye miaka ya mbele alikuja kuwa balozi wa nchi yake Malawi. Wakati wa masuala Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili sawa, maji kipimo sawa, kimoja nyuzi 35 na kimoja nyuzi 100, ukavitia kwenye friza, kile cha nyuzi 100 huganda mwanzo. Kwa nini?

Wenziwe wakaona keshawaaibisha mbele ya mgeni. Osborne akatabasamu, akamtaka arudie suala. Akamuuliza kama ni kweli kafanya. Kafanya. Akasema jibu hana, lakini akirudi Dar atajaribu. Na akajaribu kweli. Hebu pima, Bi Maalim: wageni wangapi wamepita skulini kwako, wakaahidi, na wakatimiza?

Sasa yule fundi. Osborne alimpa kazi fundi wake chuoni alifanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji yaloanza moto ndiyo yaloganda mwanzo, ila akamtuliza bwana mkubwa kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Watu wakisoma hapo wanacheka. Mie sicheki. Skuli moja nilofanya kazi, ukaguzi ukikaribia naambiwa majaribio lazima "yatoke". Pendulamu yetu uzi wake ulikuwa umechoka, unarefuka ukining'inia, mvutano wa dunia ukawa unatoka 9.2, siku nyengine 10.4. Nikawa naanza na 9.8, narudi nyuma kwa hesabu mpaka kwenye sekunde, nawapa wanafunzi sekunde hizo waandike. Wote wakapata alama nzuri. Mimi ndiye yule fundi, tena nimemzidi, yeye hata hivyo alileta habari ya kweli kwanza.

Makala yao ilitoka 1969 katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, majina mawili juu, Mpemba na Osborne. Mpemba kaandika sehemu yake kwa maneno yake mwenyewe, kisa chote tangu aiskrimu. Sehemu ya Osborne ndiyo itakayokusaidia wewe. Alitumia bika za 100, maji 70 ndani yake. Chini ya bika aliweka kipande cha ile povu nyeupe ngumu inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Kwa nini? Kwa sababu ya sufuria la mama wa Mkoani! Hakutaka chombo kijichimbie kwenye theluji kikampa jibu la uongo. Akachemsha maji yake kabla, asije mtu akasema ni hewa iloyeyuka ndani. Akapima maji yanayopotea kwa mvuke, akaona ni machache, hayatoshi kueleza tofauti. Akatia utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kukachelewa masaa kadhaa, ndipo akasema joto jingi linatokea juu, kwenye uso wa maji. Na myuko ndani ya chombo, maji ya moto kupanda na baridi kushuka, unaufanya uso ule ubaki na joto kuliko chini, kwa hivyo unaendelea kutoa joto mbio. Yalochelewa zaidi kuganda kwake ni yale yaloanza kwenye nyuzi 25. Yaloanza karibu na 90 yalitumia muda mdogo zaidi.

Angalia lakini: alipima muda wa kuanza kuganda. Wewe ulipima nini? Ngozi ya kwanza juu, au mpaka chini? Amua kabla hujafunga mlango, vyenginevyo utaamua kwa kumpendelea unayemtaka. Na usifungue kila robo saa! Kila ukifungua unaingiza hewa ya jikoni, hapo unapima jiko lako. Badilisha nafasi za vikombe, kilichokuwa kushoto kiende kulia, maana friza haina baridi sawa kila pembe. Na rudia. Mara moja si jaribio, ni bahati nasibu.

Kijana_wa_SUZA alijibu:

Shikamooni wakubwa. Samahani nitaharibu sherehe kidogo.

Mzee fundi kasema vizuri ila kuna mwendelezo. Mwaka 2016 Burridge na Linden walitoa makala wakitilia shaka kitu chote. Walipima muda wa maji kushuka mpaka nyuzi 0, hawakugusa kuganda kwenyewe, na hawakupata ushahidi wa maana kwamba ya moto hufika mwanzo. Wakaonesha na kitu kibaya zaidi: ukiziweka themometa zako mbili kwenye kimo tofauti, hata kwa sentimita moja tu, unaweza kuipata "athari ya Mpemba" pale ambapo haipo. Bi Maalim wewe hukuwa na themometa kabisa, kwa hivyo umeepukana na hilo angalau.

Kushuka mpaka 0 na kuganda ni mambo mawili mbalimbali. Maji yanaweza kupita chini ya sifuri na yakabaki maji, yanangoja kitu cha kuanzia, vumbi au mkwaruzo kwenye kikombe. Kikombe kimoja kinaweza kuanza kuganda kwenye -2 na mwenziwe, maji hayo hayo, akashuka zaidi ndiyo aanze. Hapo mshindi anabadilika kila siku na wewe hujui kwa nini. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora. Walipokea majibu zaidi ya 22,000. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, naye akaegemea huo myuko na hilo la kushuka chini ya sifuri. Suala halikufungwa.

Na Mtanga, kuhusu sokoni kwenu kujua kabla ya vyuo vikuu: Aristotle kaandika zamani hizo kwamba wavuvi wa Pontus, wanaovua juu ya barafu, huimwagia mianzi yao maji ya vuguvugu yagande upesi na kuishikilia kama risasi ya kulehemu. Francis Bacon kaigusa 1620. Descartes 1637. Halafu ikasahauliwa, kwa sababu kanuni ilipokuwa nzuri sana hakuna aliyetaka kuangalia friji. Kwa hivyo kijana wa Kojani amwambie baba yake, ni elimu ya wavuvi.

Siku hizi jina limehama hata kwenye maji. 2020 Kumar na Bechhoefer huko Kanada walichukua chembe ndogo sana ndani ya maji, wakaitega kwa mwanga wa leza, wakaonesha kwamba ikianzia mbali zaidi na utulivu, yaani ikianza na moto zaidi, inaweza kufika kwenye utulivu mapema, na wakaweza kuirudia watakavyo, mara elfu. Hawakuhitaji barafu. Bado wanaiita ya Mpemba.

Mtanga_Darajani alijibu:

Kijana kasoma, mashaallah. Ila niongeze jambo dogo msije mkadhani Mpemba alikuwa mwanafizikia maisha yake yote. Makala ilipotoka 1969 yeye alikuwa Moshi, chuo cha wanyamapori Mweka. Kazi yake ya maisha ilikuwa hiyo, wanyama na mapori, serikalini. Makala moja ya fizikia, basi, kaenda zake kwa tembo.

BiMaalim_Wete alijibu:

Nimerudi. Kwanza ahsanteni, na Fundi, la pendulamu limenigusa pabaya. Sitasema zaidi hapa, wakaguzi nao wanasoma jukwaa hili.

Niliwasomea wanafunzi majibu yenu yote. Kwenye "hesabu ya Mpemba" walinyamaza, maana na wao wana mwenzao wanayemwita "Newton wa Kojani", nanyi mnamjua ni nani. Kwenye sufuria linalojichimbia walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Tumerudia mara sita, friza ya nyumbani kwa mwalimu mwenzangu, ya kwangu imepigwa marufuku na mwenye nyumba. Tulikubaliana kwanza: tunahesabu ngozi ya barafu iliyofunika uso wote. Mlango kufunguliwa baada ya saa moja, kisha kila dakika ishirini. Mara tatu vikombe juu ya theluji, mara tatu juu ya povu ya boksi la televisheni. Juu ya theluji cha moto kilishinda mara mbili. Juu ya povu hakikushinda hata mara moja, mara moja tu vilikuwa sawasawa kwa macho yetu. Kijana wa Kojani anasema mara sita hazitoshi na dakika ishirini ni nyingi mno, na anasema kweli kwa yote mawili.

Daftari lake nimelisahihisha jana. Kafuta "mtu wa Pemba", kaandika "mtu wa Tanganyika, alisoma Magamba, Tanga". Shamba la mikarafuu kaliacha. Nikamuuliza, kasema hakuna aliyethibitisha kuwa hakuwa nalo.

Sasa shida yangu ni themometa. Skulini iko moja, na zebaki yake imekatika katikati. Kama yuko mtu anakuja kwa boti wiki hii kutoka Unguja, nitamtumia pesa aninunulie mbili za aina moja, ziwe zinafika chini ya sifuri mpaka -10. MamaBarafu, na wewe nakuomba, ukikaribia kukwangua theluji kwenye friza nipigie kwanza. Tunakuja Mkoani na daladala, watoto kumi na mbili, na vikombe vyetu.